Herufi za Bi Mlazo

Siku Gundi alipomtia machoni kwa mara ya kwanza, yule mama alikuwa amepiga magoti chini ya meza, anatafuta kifuniko cha kalamu. Kilichoonekana kwanza ni nyayo za viatu vyake, visigino vimelika upande mmoja. Kisha sauti ikatoka huko chini:

"Wewe ndiye usiyejua kompyuta?"

"Ndiyo mimi," Gundi akajibu, kwa sababu ndivyo alivyoambiwa aseme.

"Vizuri sana. Nimekutafuta siku nyingi."

Hakuna mtu aliyewahi kumtafuta Gundi siku nyingi. Alikuwa mfungaji wa vitabu katika kampuni ndogo iliyotengeneza programu za kompyuta za kutunza dawa kwenye zahanati. Chumba chake kilikuwa nyuma kabisa, baada ya choo, na humo mlikuwa na kisu cha kukatia karatasi, mashine ya kutoboa na kopo la gundi. Jina lile alipewa kwa ajili ya vidole vyake, ambavyo havikutakata hata Jumapili, na pia kwa sababu alikuwa amegandia chumbani humo kama stempu kwenye bahasha. Alisoma shule ya msingi, akaishia hapo, akaenda kufunga vitabu. Akisemeshwa na watu wawili kwa pamoja, masikio yalimwaka moto.

Yule mama ndiye aliyeandika vitabu vya maelekezo, vile vinavyomwambia mhudumu wa zahanati bonyeza hapa, andika pale. Alikuwa mgeni pale kazini. Alimkalisha Gundi mbele ya kompyuta, akamwekea kurasa chache kando ya kibodi.

"Fanya kilichoandikwa," alisema. "Ukikwama, kwama. Usiniulize mimi. Mhudumu akiwa kule zahanati hatakuwa na mimi wa kumuuliza."

Vijana waandishi wa programu walisogea kutazama, wakiongozwa na yule waliyemwita Miwani, kijana mcheshi asiyejua kunyamaza. Gundi alimeza mate, akaanza. Mstari wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Wa tatu ulisema aandike jina lake, na yale maneno "jina lako" yalikuwa yamechapwa kwa herufi za kulala, zimeinama kulia kama nyasi zilizopigwa na upepo. Gundi akatazama karatasi. Akatazama kibodi, kitufe kimoja kimoja, mstari hadi mstari. Jasho jembamba likamtoka.

"Umekwama?" yule mama akauliza.

"Natafuta kitufe cha kuzilaza."

"Kulaza nini?"

"Hizi herufi. Hapa kitabuni zimelala. Mimi nikiandika, zinasimama."

Vicheko vilipasuka mpaka Meneja akatokeza kichwa mlangoni. "Mleteeni na mto!" Miwani alipiga kelele. "Shuka pia mleteeni, kaka yetu alale nazo vizuri!"

Yule mama hakucheka. Alichukua penseli, akatia alama kwenye ukurasa, akavuta kiti.

"Sikiliza, mdogo wangu. Herufi nene, hizi nyeusi zilizonona, ni kitu cha kubonyeza. Utakikuta kwenye kioo cha kompyuta vilevile. Hizi zilizoachana kama meno ya mtoto ni za taipureta. Unaziandika kama zilivyo, hata nukta usiongeze. Hizi zilizolala, ni mimi nimekushikia nafasi kwenye foleni. Ukifika, mimi naondoka, unasimama wewe. Unaandika jina lako mwenyewe. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, dada."

"Sasa kwa nini hilo sikuliandika popote?" alijiuliza, akaenda zake. Kesho yake kitabu kilikuwa na ukurasa mpya mwanzoni, unaoeleza kila umbo la herufi lina maana gani.

Tangu siku hiyo hakuna kitabu kilichotoka pasipo Gundi kukalishwa mbele ya kompyuta. Vijana walimbandika yule mama jina la Bi Mlazo, kwa jinsi alivyokuwa akiwaka kila herufi ya kulala iliposimamishwa kimakosa. Jina alilipenda. Alisema amewahi kuitwa mabaya zaidi.

Kidogo kidogo, wakati Gundi akipaka gundi, Bi Mlazo, amekaa juu ya boksi la karatasi, alimsimulia habari zake. Alianza kazi akiwa msichana kwenye kiwanda cha uchapaji, enzi za kuokota herufi za madini ya risasi moja moja na kuzipanga kwa mkono. Herufi za mlazo zilikaa droo ya chini kabisa, na kila aliyezitaka ilibidi ainame. "Kwa hiyo hatukuzitumia ovyo," alisema. "Ulijiuliza kwanza: neno hili linastahili mgongo wangu?" Hakuolewa. Alikaa na mdogo wake wa kike, fundi cherehani, nyumba ya vyumba viwili yenye vitambaa mpaka juu ya jiko. Watu wakimuuliza mbona hana mume, alijibu kwamba wachumba walikuja, ila barua zao zilikuwa na alama za mshangao nyingi mno.

Gundi alicheka sana siku hiyo, na kicheko chake mwenyewe kikamshangaza.

Kwamba macho ya Bi Mlazo yanafifia, Gundi ndiye aliyegundua kwanza. Bi Mlazo alianza kubandika kurasa kwenye kioo cha dirisha ili mwanga upite. Baadaye akawa anaisogeza karatasi mpaka inagusa pua. Siku moja aliuliza, "Hapa nimeweka nene, sivyo?" na pale palikuwa pamelazwa. Gundi alisema tu, "Hapo umelaza, dada," akaendelea kukata karatasi.

Alasiri moja aliingia akafunga mlango, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Gundi, nikikwambia neno, litaishia hapa?"

"Nitamwambia nani, dada? Mashine ya kutoboa?"

Hapo akamweleza. Ni ugonjwa wa sukari, umemkaa mwilini miaka, sasa umepanda machoni. Daktari hakumficha: jicho moja limekwisha, na la pili liko njiani. Kazini hajamwambia mtu, maana akisema leo, kesho unga umemwagika. Si kwamba aliogopa kukaa nyumbani. Aliogopa kuondoka kabla ya kumaliza kitabu kikubwa, kile cha programu mpya, ambacho kingekwenda zahanati zote kwa mara moja.

"Na hasa sura ya saba," alisema.

Sura ya saba ilihusu umeme kukatika katikati ya kazi. Hakuna aliyemtuma kuiandika. Aliwahi kwenda zahanati moja kuangalia jinsi vitabu vyake vinavyotumika, akamkuta mhudumu, binti mdogo, analia mbele ya kompyuta iliyozimika. Binti aliamini hesabu zote za dawa zimepotea na kazi yake imeota mbawa. Alikuwa ameshaanza kukunja koti lake. Kumbe hakuna kilichopotea; ilitakiwa tu asubiri umeme urudi, awashe, abonyeze kitufe kimoja. Hakuna kitabu kilichomwambia. Bi Mlazo alirudi, akaandika sura nzima, kila hatua na umbo lake la herufi, ikianza na maneno: Usiogope. Keti kwanza.

Ila sasa hakuweza tena kuikagua. Miwani, asiyejua lolote, alikuwa amemwekea kwenye kompyuta sauti ya mashine inayosoma maandishi. Bi Mlazo alimwambia amechoka kusoma, anataka kusikiliza kama redio. Siku ile walisikiliza pamoja yeye na Gundi. Sauti ilisoma ukurasa kutoka juu hadi chini bila kupanda wala kutua, kitu cha kubonyeza na kitu cha kuandika na nafasi aliyokushikia, vyote vimepigwa pasi vikawa bapa. Bi Mlazo akaizima.

"Miaka yote hii nimekuwa nikisema na watu kwa umbo la herufi," alisema taratibu. "Kumbe asiyeona hajawahi kunisikia. Na mimi sasa ni mmoja wao."

Kutoa maneno mbele ya watu kwa Gundi ilikuwa adhabu, lakini aliuvuta ukurasa, akakohoa, akaanza kusoma yeye. Alipofika kwenye neno nene, sauti ikapanda yenyewe, kama mtu anayeita ng'ambo ya barabara. Kwenye mlazo aliburuta, polepole, kama mtu aliyeegemea ukuta. Kwenye herufi za taipureta alitaja herufi moja moja, na kila moja akaigonga mezani kwa kidole. Alipomaliza ukurasa, mgongo ulikuwa umelowa.

"Endelea," Bi Mlazo alisema. Alikuwa amefumba macho. "Endelea, mdogo wangu. Naziona."

Ikawa ndiyo kazi yao. Kila alasiri, mlango umerudishwa, Gundi anasoma, na Bi Mlazo anamkatisha: "Hapo umepandisha, kwani nene? Itoe, hilo si la kubonyeza." Gundi anatia alama kwa penseli, na Bi Mlazo anakwenda kuirekebisha kwenye kompyuta kwa kupapasa vitufe, ambavyo vidole vyake vilivijua vizuri kuliko macho. Mtu akija kule nyuma kuuliza kelele za nini, Gundi aliinamia kopo lake, na Bi Mlazo akasema anamfundisha kuimba.

Walikuwa wamemaliza sura zote, imebaki kupitia tena ya mwisho, ile ya saba, Meneja alipoitisha kikao. Gundi aliingia na boksi la majalada, akasimama karibu na mlango kama kawaida yake. Kampuni ilikuwa imenunua mashine mpya ya kupangia kurasa, na Miwani alikuwa amepitisha sura moja kwa majaribio. Maumbo yote yalikuwa yamepotelea njiani. Nene, mlazo, taipureta, vyote vilitoka sawasawa, vimesimama wima kama askari gwarideni. Miwani alimpelekea Bi Mlazo ile karatasi huku anajikinga kichwa kwa mikono, kwa utani, akingojea bomu lilipuke.

"Haya dada, mashine imetoa hivi. Usinipige. Tuendelee nayo?"

Bi Mlazo aliishika karatasi. Alipitisha mkono juu yake, akaiinua, akaishusha. Gundi aliona kutoka kule mlangoni. Alifungua mdomo atamke hata mstari mmoja wa ile sura, kwa sauti bapa bila kupandisha popote, naye Bi Mlazo angeelewa. Lakini macho ya watu wote wale yalikuwa chumbani, akaufumba mdomo tena.

"Ziko sawa," Bi Mlazo alisema. "Endeleeni."

Miwani alicheka akidhani ni mzaha. Kisha kicheko kikamfia mdomoni. "Dada," alisema kwa sauti ambayo Gundi hakuwahi kumsikia nayo, "zote zimesimama."

Bi Mlazo aliikunja karatasi mara mbili, vizuri, pembe kwa pembe, akaiweka mezani, na mezani akapakosa. Ikaanguka chini.

Meneja hakuwa mtu mbaya. Alizungumza naye kwa upole, faragha, akamwambia afya kwanza, mama, ukapumzike. Bi Mlazo hakubishana. Aliuliza jambo moja tu: sura ya saba, je? Meneja akasema itakuwemo, asiwe na shaka. Siku ya kufunga virago, mdogo wake alikuja kumshika mkono. Pale juu ya ngazi Bi Mlazo alisimama, akageuka upande ambako alidhani Gundi yupo, na hakukosea sana.

"Kikitoka, uniletee," alisema. "Usije ukanisimulia. Unisomee, kama tulivyozoea. Nikisikia kimetoka chote, nitatulia."

"Nitakuletea, dada."

Kitabu kilitoka. Kurasa zililetwa chumba cha nyuma zikiwa zimefungwa kwa kamba, na Gundi alipoinua furushi la kwanza, mikono ilijua kabla ya macho. Lilikuwa jepesi. Alifunua. Maumbo hayakuwemo hata moja. Ule ukurasa wa mwanzoni wa kueleza maana ya herufi uliondolewa pia, kwani ungeeleza nini? Na baada ya sura ya sita ilikuja anwani ya kampuni.

Gundi alifanya asilolifanya maisha yake yote: alitoka chumbani, akapita katikati ya meza za watu, akasimama mbele ya Miwani.

"Sura ya saba iko wapi?"

Miwani alivua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa chafu. "Kaka Gundi, haki ya Mungu si mimi. Meneja kasema yale maumbo yatachelewesha, mashine mpya inayatapika. Na ile sura, eti tukimwandikia mtu 'umeme ukikatika usiogope', ndiyo kwanza ataogopa. Eti mnunuzi atauliza, kumbe inazima?"

"Alimwahidi."

"Alimwahidi, ndiyo." Miwani akavaa miwani yake. "Na mimi dada aliniambia. Nifanyeje?"

Gundi alirudi chumba cha nyuma, akafunga vile vitabu. Vyote vilipita mikononi mwake, akavikata kingo, akavipaka mgongo, akavipanga kwenye maboksi. Zahanati zilikuwa zinangoja.

Jumapili ya kwanza alikwenda nyumbani kwa Bi Mlazo na kimoja chini ya kwapa. Njiani alipanga kusema kweli. Alilipanga lile neno, akalipangua, akalipanga upya. Lakini Bi Mlazo alikuwa amekaa kitini karibu na dirisha, amevaa nguo ya kutokea, amechana nywele kama mtu anayengoja mgeni mkubwa. Alikipokea kitabu kwa mikono miwili, akakinusa, akasema, "Gundi mbichi." Akamrudishia. "Haya."

Gundi alifunua ukurasa ule bapa, akaanza kusoma, na palipotakiwa neno nene akapandisha sauti.

Alikumbuka. Alizisoma zile kurasa alasiri nyingi mno asikumbuke. Alipandisha palipokuwa pamepandishwa, akaburuta, akagonga mkono wa kiti kwa kidole. Hata ule ukurasa wa mwanzoni alimsomea, kutoka hewani. Mdogo wake Bi Mlazo akaita kutoka kwenye cherehani: "Jamani, humo ndani mnauza samaki?" na Bi Mlazo akajibu, "Nyamaza wewe, tuko kazini!" Uso wake ulikuwa umefunguka. Mara moja tu alimkatisha: "Hapo mbona hukugonga?" Gundi akasema, "Samahani dada, limenipita," akarudia na kugonga. Aliona aibu, na papo hapo aliona furaha, na hakujua aitazame ipi.

Akawa anakwenda kila Jumapili, sura moja kila mara. Hali ya Bi Mlazo iliendelea kushuka. Miguu ilimvimba, akahama kitini akawa wa kitandani, sauti ikapungua. Gundi alisoma polepole zaidi, akirudia mistari bila kuombwa, kwa kuwa kila ukurasa ulimsogeza kwenye sura ambayo haikuwepo. Nyumbani alijaribu kuiandika kwa mkono, ile ya saba, toka kichwani. Alikumbuka mwanzo wake. Alikumbuka kile kitufe kimoja. Katikati palikuwa na shimo. Hiyo ndiyo sura waliyoipitia mara chache kuliko zote, na mtu hawezi kumtungia mwenziwe hatua za kweli. Zahanati haiendeshwi kwa kubahatisha. Akaichana ile karatasi. Akaamua kwamba wakimaliza ya sita, atasema.

Walipomaliza ya sita Bi Mlazo aliomba akishike kitabu. Alilala nacho kifuani, dole gumba likapita taratibu kwenye mgongo wa kitabu, kutoka pembe hadi pembe, kisha kwenye ukingo wa kurasa, likarudi. Alikuwa ameshika vitabu tangu ujana wake. Alimrudishia, akauliza kama mvua imekatika.

"Imekatika, dada," Gundi alisema. "Dada, kuna jambo."

"Utalisema siku nyingine. Nimechoka."

Siku nyingine haikuwepo. Katikati ya wiki mdogo wake alipiga simu kazini, na Miwani ndiye aliyekuja chumba cha nyuma kumwambia, akasimama pale mlangoni bila kupata la kutania. Maziko yalikuwa ya watu wachache. Meneja alitoa gari.

Lakini Jumapili ile ya mwisho, Gundi alikuwa amekwisha kuaga, ameshafika kizingitini na kitabu chake kwapani, yule mama alipomwita kutoka kitandani. Alirudi hatua moja. Bi Mlazo alikuwa amegeuzia uso ukutani.

"Sura ya saba usihangaike kunisomea, mdogo wangu," alisema. "Ile ninayo kichwani."